Dai la Deolinda Juu ya Kiwanja cha Haldane

Deolinda Bettencourt alikuwa na tabia moja iliyomfanya achekwe na mafundi wote wa Kireno kuanzia Turlock hadi Los Banos. Kila alipopata kazi mpya, zege la kwanza halijakauka vizuri, yeye huyo mbio posta na barua tatu za rejista: moja ya mwenye kiwanja, moja ya kontrakta mkuu, moja ya benki iliyokopesha ujenzi. Barua zote zilisema jambo lile lile, kwamba mimi Deolinda namwaga zege hapa, na nisipolipwa, sheria ya California inaniruhusu kuandikisha dai juu ya kiwanja hiki hiki, kisiuzike mpaka nilipwe. Basi. Hakuna tusi, hakuna kitisho. Sheria yenyewe ndiyo inayotaka taarifa hiyo itumwe ndani ya siku ishirini tangu uanze kazi, na asiyeituma asije akalia baadaye.

Lakini nenda kawaambie hayo wanaume wa ukumbi wa Wareno! Kwao, mtu ambaye wazee wake na wako wametoka kisiwa kimoja, mkakaa meza moja mkala mkate na mchuzi wa nyama wa sikukuu, humtumii barua ya rejista. Mnapeana mkono, yamekwisha. Kumtumia barua ni kumwambia mbele za watu kwamba ni mwizi. Kwa hiyo Deolinda akiingia ukumbini, fundi bomba Ildeberto Toste alikuwa anasimama na kupiga saluti. "Njia jamani! Anapita Deolinda wa Posta! Leo umeniletea barua ya mpenzi wangu?" Na meza nzima haina mbavu.

Deolinda alikuwa anacheka nao, kisha kesho yake anakwenda posta.

Kazi iliyoleta kisa hiki ilikuwa ukumbi mkubwa wa harusi katikati ya mashamba ya lozi. Mwenye kiwanja alikuwa Preston Haldane, mtu wa pesa aliyetoka pwani, meno meupe, viatu havijawahi kukanyaga tope. Kontrakta mkuu alikuwa Laureano Machado, tumbo mbele, sauti ya kuita ng'ombe kutoka upande wa pili wa shamba. Laureano ndiye aliyemshika mtoto wa Deolinda siku ya ubatizo, kwa hiyo waliitana kompadri na komadri kwa miaka thelathini. Naye ndiye aliyempa Deolinda kazi ya zege lote, msingi, sakafu na maegesho ya magari.

Wiki ya pili Laureano alikuja kazini anapepea bahasha.

"Komadri, hii nini? Tumejuana tangu tuna nywele nyeusi, leo unaniletea mtu wa posta nimtilie sahihi mlangoni?"

"Sahihi yenyewe imekuvunja mkono, kompadri?"

"Imenivunja hapa!" Akajipiga kifua. "Watu watasema Laureano haaminiki."

"Wewe nakuamini. Huyo mwenye kiwanja simjui hata anakula nini."

"Haldane? Mtu mzuri sana! Juzi kaninunulia nyama choma."

"Basi na mimi nimemnunulia stempu."

Laureano aliondoka amenuna, na kwa siku mbili hakumsalimia.

Sasa mjue kilichokuwa kinamkosesha Deolinda usingizi. Alikuwa na gari la kupampu zege, la buluu, lenye mkono mrefu wa chuma unaokunjuka vipande vinne. Miaka kumi na tisa alikodi magari ya watu, akawatajirisha watu, hadi alipojikaza akanunua lake kwa mkopo wa benki. Bila gari lile Deolinda ni mwanamke mwenye mabuti na koleo tu, na wafanyakazi wake watano wanarudi kukamua ng'ombe wa watu. Kwa Haldane alinunua saruji na kulipa mishahara kutoka mfukoni mwake, kwa sababu malipo yalikuwa yanakuja leo kidogo, kesho hakuna. Zege lote likamwagwa, Julai ikaisha, ukumbi ukamalizika, na Deolinda anadai dola laki moja na themanini na sita elfu. Rejesho la gari likapita mwezi, ukapita wa pili. Benki ikaandika kwamba mwisho ni tarehe thelathini Septemba, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo wanakuja kulichukua.

Haldane alisema hatoi senti kwa Laureano kwa sababu sakafu ina nyufa. Nyufa! Ni mistari myembamba ambayo kila zege duniani linatoa likikauka, hata ukucha haupiti. Deolinda alitaka kuandikisha dai siku ile ile. Fomu alikuwa nayo mezani, ameshaijaza nusu, Laureano alipobisha mlango.

Mwaka ule Laureano alikuwa rais wa festa, ile sikukuu ya Bikira ya Wareno. Kwetu huku hilo si jambo dogo. Mtu anangoja miaka kumi na tano apewe heshima ile, ya kutembea mbele ya sanamu ya Bikira, na kulisha mji mzima bure kwa ng'ombe walioombwa kwa wafugaji. Laureano alikaa jikoni kwa Deolinda, kofia mkononi, sauti ile kubwa imekuwa ya kuombea mkate.

"Komadri, nakuomba kitu kimoja. Ukiandikisha dai sasa, habari itaenea, watasema rais wa festa halipi watu wake. Wafugaji watanirudia kuchukua ng'ombe wao. Ngoja festa ipite. Haldane kaniahidi kwa mdomo wake, festa ikiisha tu, analipa."

Ermelindo, mume wa Deolinda, mkamuaji mstaafu ambaye siku hizi ufalme wake ni jiko, aligeuka na mwiko mkononi. "Usingoje," alisema.

"Ermelindo, na wewe?" Laureano alilalamika.

"Na mimi. Usingoje, Linda."

Na hapa ndipo Deolinda alipokosea, nami sitamsitiri. Mwanamke aliyechekwa miaka ishirini kwa kutomwamini mtu, siku moja aliona aibu. Alimwangalia mtu aliyemshika mwanawe kwenye maji ya ubatizo, akaikunja ile fomu akaitia kwenye droo. "Festa ikipita, kompadri. Siku moja zaidi sikupi."

Festa ilifana, hilo nalo tuseme. Laureano alitembea mbele ya sanamu huku analia waziwazi, watu wakala wakasaza. Jumatatu iliyofuata, tarehe ishirini na mbili Septemba, Deolinda alikwenda ofisini kwa Haldane asubuhi na mapema. Haldane alimkaribisha kwa kahawa, akamwacha aseme yote, kisha akatoa karatasi kwenye faili akaisukuma taratibu juu ya meza.

"Mama, hili ni tangazo la kumalizika kwa ujenzi. Nililiandikisha kaunti tarehe tano Agosti. Likishaandikishwa, mafundi wa chini ya kontrakta mna siku thelathini za kuandikisha madai. Siku thelathini." Akahesabu kwa vidole kana kwamba anamfundisha mtoto. "Ziliisha tarehe nne mwezi huu. Nilisikia mlikuwa na sherehe. Ilikuwa nzuri?"

Deolinda aliisoma ile tarehe mara mbili. "Ulimwambia Laureano utalipa baada ya festa."

"Niliandika mahali?"

"Ulimwahidi."

"Basi mdai Laureano. Mimi nauza jengo hili tarehe thelathini, mnunuzi yuko tayari, ardhi ni safi, haina dai. Kunywa kahawa, inapoa."

Hakuinywa. Aliendesha gari hadi nyumbani, akakaa kwenye ngazi za jikoni na mabuti yake, akalia kwa sauti. Hakulia kwa ajili ya pesa peke yake. Kilichomuuma ni kwamba kwa miaka yote ile alikuwa ameijua njia, akaiacha mara moja tu, na mara hiyo hiyo ndiyo akapatikana. Ermelindo alikuja akakaa pembeni. Hakusema nilikuambia, na kwa hilo pekee yule mzee anastahili pepo.

"Uliyasoma wapi hayo ya siku thelathini?" Ermelindo aliuliza baadaye.

"Kaniambia yeye."

"Yeye nani? Haldane? Tangu lini simba akamshauri mbuzi? Kesho nenda kwa wakili. Yule binti wa Kiarmenia wa Modesto, aliyemtetea Toste kesi ya trekta."

Wakili alikuwa anaitwa Araxie Toumajian, ofisi yake juu ya daktari wa meno, na mashine ya kuchonga meno ilikuwa inasikika chini ya sakafu muda wote wa mazungumzo. Alikuwa mwembamba, mkavu, hana salamu ndefu. Deolinda alimweleza kila kitu, hata aibu ya kungoja festa, hakuficha.

"Swali la kwanza," Araxie alisema. "Ulimtumia Haldane taarifa ya awali ndani ya siku ishirini?"

"Kwa rejista. Siku ya sita. Kadi ya posta hii hapa, sahihi ya sekretari wake hii hapa."

Araxie aliinua macho. "Swali la pili. Alipoandikisha lile tangazo la kumaliza, alikuletea nakala?"

"Nakala gani? Nimeliona jana kwa mara ya kwanza, na kahawa juu yake."

Wakili aliweka kalamu chini, akaanza kucheka, kicheko cha puani cha mtu ambaye hajazoea kucheka kazini. "Mama Bettencourt, sheria inasema hivi. Mwenye kiwanja akiandikisha tangazo, ana siku kumi za kumpelekea nakala kila mtu aliyemtumia taarifa ya awali. Asipopeleka, siku zako hazipungui. Zinabaki tisini tangu kazi iishe. Tangazo lake kwako ni karatasi ya kufungia vitumbua."

"Tisini?" Deolinda alisimama, akakaa, akasimama tena. "Kazi iliisha tarehe thelathini na moja Julai."

"Leo ni siku ya hamsini na nne. Una mwezi mzima. Lakini yeye anauza tarehe thelathini, kwa hiyo mimi nisingelala na dai hili hata usiku mmoja."

"Kwa nini hakuniletea nakala? Mtu mwerevu vile!"

"Kwa sababu hakuisoma barua yako. Nahisi aliambiwa Wareno hawatumiani barua, mnapeana mkono tu. Akaona ni takataka za posta, akaitupa."

Deolinda alishika kichwa, akapiga ukelele mmoja ambao ulisimamisha mashine ya meno huko chini.

Kutoka pale hakwenda moja kwa moja kaunti. Alipitia kwanza kwa Laureano, akamkuta amekaa gizani mchana kweupe, mapazia yamefungwa, mkewe anamwonyesha kwa kidevu tu. Haldane alikuwa amemwambia na yeye maneno yale yale kwa simu.

"Nimekuua, komadri," Laureano alisema. "Nilitaka siku tisa za sifa kwenye festa, nimekuua wewe na watu wako. Nitukane."

"Nitakutukana garini. Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Merced, ofisi za kaunti, kuandikisha madai. Langu na lako. Wewe ulitia sahihi mkataba na Haldane mwenyewe, taarifa ya awali kwake hata haikuhusu, na siku zako nazo bado hazijaisha. Ulikuwa hujui?"

Laureano alimwangalia mdomo wazi. "Mimi sijawahi kuandikisha dai juu ya mtu maishani mwangu."

"Ndiyo maana unadaiwa maishani mwako. Viatu, kompadri!"

Na kweli alimtukana garini, maili arobaini bila kupumzika. Alianza na festa, akaja kwenye tumbo lake, akamalizia na nyama choma ya Haldane. Laureano alikubali kila neno, na walipofika kwenye daraja akaongeza mawili matatu ambayo Deolinda alikuwa ameyasahau. Ofisi ya usajili wa ardhi ilikuwa na foleni. Karani alipokea fomu, akakagua, akapiga muhuri: gwa! Akapokea ya Laureano: gwa! Deolinda alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia muziki mtamu kama ule, hata siku ya harusi yake, na Ermelindo alikuwepo wakati anasema. Nakala zilikwenda kwa Haldane siku ile ile, kwa rejista, bila shaka.

Alhamisi simu ikalia. Haldane.

"Mama, kuna kosa limefanyika. Ofisi inayosimamia mauzo imekuta madai mawili kwenye ardhi yangu. Mnunuzi hawezi kuchukua jengo hivi."

"Pole."

"Umechelewa kisheria, nilikueleza."

"Nakala ya tangazo ulinitumia lini, Bwana Haldane?"

Karatasi zikasikika zinapekuliwa upande wa pili wa simu.

"Nakupa nusu," Haldane alisema. "Leo hii."

"Nilimwaga nusu sakafu?"

Ijumaa alipanda hadi robo tatu. Jumamosi akapiga mara mbili, na mara ya pili Ermelindo ndiye aliyepokea, akamsomea jinsi ya kukaanga soseji za Kireno kwa kitunguu saumu mpaka akakata. Jumatatu wakili wa Haldane alimpigia Araxie: watalipa yote, ya Deolinda na ya Laureano, kutoka kwenye pesa za mauzo, kesho.

Kesho yenyewe ndiyo tarehe thelathini. Deolinda alivaa gauni la kanisani na, kwa ukaidi wake, mabuti ya kazi. Mezani kwenye ofisi ya mauzo alikuwepo Haldane, mnunuzi, Laureano aliyenyolewa upya, Araxie, na ofisa wa mauzo, mama mmoja mwenye miwani. Haldane alimsogezea Deolinda karatasi na kalamu kabla hata hajakaa.

"Ni hati ya kufuta dai. Weka sahihi, kisha pesa zinatumwa."

Deolinda aliisoma yote, polepole, kidole chini ya kila mstari. "Hapa pameandikwa nimeshalipwa yote na sina dai lolote tena."

"Utalipwa baada ya dakika kumi."

"Basi baada ya dakika kumi nitakuwa nimelipwa. Sasa hivi bado. Wenzangu wangapi wametia sahihi karatasi hii kwa kuahidiwa dakika kumi, wakangoja miaka kumi?"

"Mnunuzi anangoja!" Haldane alipiga meza.

"Mimi nilingoja festa."

Mama mwenye miwani alikohoa. Akachukua hati ya namna ya pili, ile inayosema dai linafutika pesa zikishaingia na si kabla, akaiweka mbele ya Deolinda bila kumwangalia Haldane. Deolinda alitia sahihi hiyo. Kisha akaegemea kiti, akakunja mikono, akangoja huku pesa zinatumwa. Saa tisa kasoro robo simu yake ililia. Benki. Zote zimeingia, laki moja na themanini na sita elfu, hadi senti ya mwisho. Hapo akachukua kalamu ya Haldane mwenyewe akamalizia ile karatasi ya kwanza.

Laureano alipothibitishiwa zake, alilia tena, lakini safari hii kwa adabu. Jioni ile ile alimlipa Ildeberto Toste, fundi bomba aliyefunga mabomba ya ukumbi ule, ambaye hakuwa ametuma barua yoyote na hakuwa na dai lolote juu ya kitu chochote duniani. Inasemekana Ildeberto alikwenda posta Jumatano asubuhi kuuliza, kwa sauti ya chini, kadi za rejista zinauzwaje.

Deolinda hakungoja pongezi. Alikimbia benki, akalipa miezi yote iliyopita na mitatu ya mbele, akasimama juu ya karani mpaka barua ikachapwa na kupigwa muhuri, akarudi nyumbani kasi ambayo polisi wa barabara wasingeifurahia. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo.

Uani kwake kulikuwa na gari kubwa la kuvuta malori, na mnyororo ulikuwa umeshafungwa kwenye pua ya gari lake la buluu. Ermelindo alikuwa amelala chali mbele ya tairi, aproni tumboni, mikono juu ya kifua kama maiti, na kijana wa kuvuta magari amesimama juu yake amekata tamaa.

"Mzee, nakuomba. Mimi nimetumwa tu."

"Na mimi nimelala tu."

"Amka, Ermelindo!" Deolinda alipiga kelele kabla mlango wa gari haujafunguka vizuri. Alimpa kijana barua. Kijana aliisoma, akapiga simu, akasikiliza, akaitikia mara tatu. Kisha akapiga magoti, akafungua mnyororo, akauzungusha kwenye ndoano yake.

"Hongera, mama," alisema, na alimaanisha.

Deolinda alikuwa ameshapanda kwenye gari lake na gauni la kanisani. Aliliwasha, akalisogeza katikati ya uwanja, mbali na nyaya za umeme, akateremsha miguu yake minne ya chuma, akashika rimoti. Mkono ukaanza kukunjuka, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, ukapita paa la nyumba, ukapita minara ya maji, cha nne kikanyooka juu kabisa ambako jua bado lilikuwa linapiga. Majirani wakatoka. Wakamuaji kutoka shamba la pili wakatoka, wamevaa mabuti ya mpira. Mtu mmoja barabarani akapiga honi, wa nyuma yake akapiga, wa nyuma yake naye.

"Utaushusha lini huo mkono?" Ermelindo aliuliza kutoka chini, anajifuta vumbi, machozi yanamtoka na anacheka.

"Kesho," Deolinda alisema. "Kesho saa moja gari lina kazi."